Maktaba ya PDF: kipi kitangulie, wepesi wa kazi au hati za Kiarabu?

Kijana wa Langoni
Assalaam aleikum. Tunaoandika programu kwa Python tunaijua hii maktaba huria ya kushughulikia PDF, ile ya bure. Wanaoitunza wametoa orodha ya mambo wanayotaka kuyafanya kwa toleo lijalo, na wanawauliza watumiaji kipi kitangulie. Kwa ufupi: kupunguza RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, inayoliwa faili likiwa kubwa, kuyafuta kweli maandishi yanayozibwa badala ya kuyafunika tu, kuacha kuhudumia Python za zamani, na kutoa sawasawa maandishi yanayosomwa kulia kwenda kushoto. Kura zinafungwa Ijumaa.

Kura yangu ni hilo la mwisho. Ustadh mmoja amenipa kitabu chake cha kurasa 90, Kiswahili kwa hati za Kiarabu, yaani herufi za Kiarabu, anataka aweze kutafuta neno ndani yake. Nikitoa maandishi kwa maktaba hii, kila mstari unakuja kinyumenyume, nambari za kurasa zinaingia katikati ya beti, na alama zote za irabu zinalundikana mwisho wa mstari. Ukilifungua faili lenyewe na kulitazama, ni safi kabisa. Mwasemaje?

Mwenye Saiba, Malindi
Wepesi kwanza. Nina kompyuta nne hapa karibu na stendi, kila moja RAM 2GB. Mteja analeta hati za shamba zilizoskaniwa, kurasa 200, anataka nimkatie kurasa tatu apeleke kwa wakili. Mashine inaganda, mteja anatazama saa, anaondoka kwenda kwa jirani. Hiyo ni riziki ya watoto wangu inatoka mlangoni.

Hizo herufi za Kiarabu, tuseme ukweli, hata huko Lamu kwenyewe wamebaki wazee wawili watatu wanaozisoma. Hatuwezi kusubirishwa sote kwa ajili ya makumbusho.

Binti Mkomani
Makumbusho?

Mimi si mzee wala si kitu cha makumbusho. Nasomesha chuoni, chuo cha Kurani, hapa Mkomani, Lamu. Watoto wangu wa miaka saba wanazijua herufi hizo kabla hawajaijua A. Bibi yangu aliweka hesabu za duka miaka yote kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na barua zote za babu alipokuwa baharini alizisoma na kuzijibu mwenyewe. Siku ya kuhesabiwa watu karani alimuuliza kama anajua kusoma Kiingereza au Kiswahili, akamwonyesha karatasi ya herufi za Kizungu, bibi akatikisa kichwa. Akaandikwa hajui kusoma. Sasa wewe unaniletea yale yale kwa mlango wa kompyuta.

Fundi Msimbo
Kabla hamjafika mbali. Tatizo la Kijana lina sababu yake. PDF haihifadhi maneno, inahifadhi amri za kuchora: weka umbo hili la herufi mahali hapa, sogea, weka lile. Ndiyo maana macho yanaona sawa na programu inaona vipande. Kwa herufi za Kizungu bahati nzuri mpangilio wa kuchora mara nyingi unafuatana na wa kusoma. Kwa Kiarabu herufi moja ina hadi maumbo manne, ya mwanzo, kati, mwisho na ikiwa peke yake, na programu nyingi zilizotengeneza faili ziliyachora kuanzia kushoto. Kisha ndani ya faili kuna jedwali, ToUnicode, la kusema umbo hili ni herufi gani. Likikosekana, au likitaja umbo badala ya herufi, hata ukiupindua mstari utafutaji hautapata kitu.

Hiyo ni kazi ya miezi. Kupunguza RAM ni kazi ya wiki chache. Pimeni wenyewe.

Mwenye Saiba, Malindi
Dada wa Mkomani, sikumtukana bibi yako, Mungu amrehemu kama ametangulia. Nilichouliza ni nani anaandika leo kwa hati hizo. Kusoma msahafu ni jambo jingine. Ujumbe wa simu unaandika kwa herufi gani? Wamu kila kitu mnakigeuza turathi, halafu sisi wenye kazi tunaambiwa tungoje.

Mpita Njia
Samahani, nimeona "maktaba" nikafikiri ni ile ya ndani ya ngome ya Wareno pale Lamu. Hiyo ndiyo inayofanyiwa ukarabati?

Mzee wa Bandarini
Mwanangu, maktaba wanayoisema hawa ni ya programu, mkusanyiko wa msimbo ulio tayari ambao mwandishi wa programu anauchukua na kuutumia. Na ngome ya mui wetu si ya Wareno. Ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, ikamalizika 1821. Wareno wana nguzo yao Malindi, huko ndiko walikopokewa.

Mwenye Saiba, Malindi
Nimeliona hilo "huko ndiko walikopokewa". Shikamoo mzee wangu, lakini Malindi ilimpokea mgeni, Vasco da Gama, 1498, ikampa maji na mtu wa kumwonyesha njia ya kwenda Bara Hindi, kama bandari yoyote yenye heshima. Tangu lini kupokea mgeni kukawa aibu?

Mzee wa Bandarini
Marahaba. Sikusema aibu. Wewe ndiye uliyeliweka neno hilo.

Karani Mstaafu
Mimi naomba mrudi kwenye lile la pili katika orodha, kuyafuta kweli maandishi yanayozibwa. Ofisi moja, sitaitaja, ilituma orodha ya walioomba fidia. Majina na namba za vitambulisho zilikuwa zimefunikwa kwa mistatili myeusi. Nilitaka kunakili tarehe ya mkutano, nikauchagua ukurasa wote, nikabandika kwenye barua pepe. Namba zote zikatokea, moja baada ya nyingine, za watu zaidi ya 60. Nimeajiriwa miaka mingi kutunza siri za watu kwenye kabati la chuma. Usiku ule sikulala.

Mpita Njia
Na wewe ulikuwa unanakili kwa nini?

Karani Mstaafu
Nimeshasema. Tarehe ya mkutano.

Fundi Msimbo
Analosema Karani ni kweli na ni zito. Mstatili mweusi ni mchoro mmoja juu ya mchoro mwingine, wa chini haujaondoka. Zaidi ya hayo PDF inaruhusu mabadiliko kuongezwa mwishoni mwa faili bila kugusa ya mwanzo, kwa hiyo hata ulichokifuta kinaweza kuwa bado kimo. Na lile katazo la "usinakili" linalowekwa kwenye faili linaloweza kufunguliwa bila nywila ni ombi tu, programu ikiamua kulipuuza inalipuuza.

Shabiki wa Adobe
Nyote mnapoteza muda. PDF ni mali ya Adobe. Hao vijana wa maktaba huria hawana ruhusa ya kuigusa, siku moja watashtakiwa.

Kijana wa Langoni
Hapana ndugu yangu. Adobe waliitoa 1993, kweli. Lakini tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1, na PDF 2.0 ikatoka 2017 ikiwa mikononi mwa ISO, shirika la kimataifa la viwango. Tangu 2023 hata waraka wa kiwango chenyewe unapatikana bila malipo. Yeyote anaweza kuandika programu ya kuisoma.

Na kwa Mwenye Saiba: umeuliza nani anaandika leo. Mimi. Nina miaka 26. Ubao wa chuo chetu unaandikwa hivyo, mikataba ya majahazi niliyoiona kwa baba yangu imeandikwa hivyo. Na jambo linaloniuma ni kwamba miswada ya msikiti wa Riyadha hapa kwetu Lamu imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza, watafiti wa mbali wanaipekua, na mimi niliyezaliwa mwendo wa dakika kumi kutoka msikitini siwezi kuitafutia neno hata kitabu kilichopigwa chapa.

Mwenye Saiba, Malindi
Hiyo miswada ni picha. Hata wakikutengenezea hilo unalotaka, picha haitasomeka. Umechanganya mambo mawili.

Kijana wa Langoni
Sikuchanganya. Picha ina kazi yake, kitabu cha ustadh kina maandishi. Nimeitaja Riyadha kwa uchungu wangu.

Fundi Msimbo
Mwenye Saiba, kwako wewe nina dawa ya leo. Ikiwa kazi ni kukata kurasa tu, huhitaji maktaba hii. Chukua programu ya qpdf, ni huria. Unaandika mstari mmoja:

qpdf hati.pdf --pages . 1-3 -- kipande.pdf

Haizifungui zile picha za skani, inazihamisha zilivyo. Hati yako ya kurasa 200 haitaigandisha mashine.

Mwenye Saiba, Malindi
Kijana wangu wa zamu hajui kuandika mistari ya namna hiyo. Anajua kubonyeza. Na bado hamjaniambia kwa nini mtu wa Malindi apigie kura kitu cha Lamu.

Binti Mkomani
Cha Lamu? Hao Waarabu na Waajemi na Wapakistani wote wanaoandika kulia kwenda kushoto, wote wako Lamu? Na Malindi hakuna chuo? Mambrui hakuna? Nimesoma na wasichana wa Mambrui, hati yao ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Mwenye Saiba, Malindi
Mambrui nakubali.

Msafiri wa Faza
Kuna mtu kanambia badilisheni maktaba, tumieni MuPDF, imeandikwa kwa C, ni nyepesi, mambo yote yaishe.

Fundi Msimbo
Nyepesi ni kweli. Leseni yake ni AGPL. Ukiitia ndani ya huduma yako ya mtandaoni inabidi msimbo wako wote uwe wazi kwa watumiaji, au ununue leseni ya biashara. Kwa chuo haina neno. Kwa mwenye duka, afikiri.

Mzee wa Bandarini
Mimi nina swali kwa Kijana. Hicho kitabu cha ustadh kimeandikwa kwa herufi zipi? Maana sisi tulisomeshwa *p* na *b* ni ب moja, *v* na *f* ni ف, *g* na *ng'* ni غ. Msomaji anajua mwenyewe kwa mato yake na kwa maana. Sasa naona vijana wanatia nukta tatu kila mahali.

Kijana wa Langoni
Shikamoo mzee. Ustadh ametumia پ na ڤ na چ. Kwa kompyuta ni afadhali, kila moja ina namba yake kwenye Unikodi, orodha ya kimataifa ya namba za herufi. Lakini fonti yake ni ya zamani, na nashuku ڤ imechorwa kwa kuweka ف kisha nukta mbili zikaongezwa juu kama mchoro. Ndiyo maana inatoka ف tupu, na "vita" inatoka "fita".

Binti Mkomani
Na *e* na *o*? Sisi chuoni tunatia kasira, ile alama ya chini, kwa *i* na kwa *e*, na dhuma, ile ya juu, kwa *u* na kwa *o*. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa alishirikiana na mtafiti Frankl kupendekeza mfumo kamili mwaka 1997, lakini Mkomani haujaingia.

Mzee wa Bandarini
Usiingie. "Kuku" na "koko" mtu mzima hachanganyi.

Binti Mkomani
Mtu mzima hachanganyi babu, mtoto anachanganya. Mimi ndiye ninayewasahihisha kila siku.

Fundi Msimbo
Basi sikilizeni. Wanaotunza maktaba ile hawawezi kurekebisha wasichokiona. Wengi wao majaribio yao ni ya Kiarabu cha magazeti, hayana irabu. Kiswahili bila irabu hakisomeki: *pata*, *pita*, *peta* zote ni kitu kimoja. Wakipata kurasa mbili za Kiswahili zenye irabu kamili, pamoja na maandishi sahihi yanayotakiwa kutoka, hilo litasaidia kuliko kura mia.

Binti Mkomani
Nitaandika mimi. Kurasa mbili kesho baada ya alasiri. Nichague nini?

Kijana wa Langoni
Chochote chako mwenyewe, kisiwe cha kitabu cha mtu. Barua ya kawaida ya kuulizana hali inatosha. Weka na tarehe na nambari ndani, nambari ndizo zinazovuruga mstari. Na tafadhali andika kama mnavyoandika chuoni, kasira kwa *i* na *e*. Usitengeneze kwa ajili ya kompyuta.

Mzee wa Bandarini
Nitumie nami niisome kabla haijakwenda. Na *ng'* uiandike kwa غ.

Binti Mkomani
*Ng'* nitaiandika kwa ڠ yenye nukta zake tatu, babu, nisamehe.

Mwenye Saiba, Malindi
Mkishamaliza kuandikiana barua, kura yangu bado ni wepesi. Na huyo kijana wangu wa zamu amejaribu ule mstari wa qpdf. Amekosea nafasi mara mbili, ya tatu ukakubali.

Karani Mstaafu
Nimesoma yote tangu juu. Lile la namba za vitambulisho hakuna aliyesema atalipigia kura. Watu 60 na zaidi, na faili lile bado linazunguka kwenye simu za watu.