Waridi la jangwani limepukutika majani yote, limekufa au?

nyota_nyasaka
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni msaada wa haraka maana naona ua langu linaondoka huku naliangalia. Nina lile waridi la jangwani, lile lenye shina limevimba chini alafu maua ya pinki yenye weupe katikati, nililinunua kwa wauza miche wa barabarani likiwa limejaa maua kwelikweli nikaliweka barazani maana ndo sehemu ina kivuli na kila mgeni akiingia analiona. Sasa tangu mvua zikate mwezi wa tano majani yakaanza kuwa ya njano mojamoja, nikaongeza maji, ndo kwanza yakazidi, na sasa hivi Julai zimebaki fimbo tupu. Namwagilia kila asubuhi. Udongo ni ule mweusi wa bondeni nimechanganya na samadi, poti ni ya udongo imepakwa rangi nzuri tu na chini ina kisahani. Jirani ananiambia ning'oe nipande kitu kingine, ila nikikwaruza gome kwa kucha naona ndani bado kijani. Je, limekufa? Na kama ni zima nafanyaje lirudi kutoa maua? Hili ua nalipenda jamani.

mdau wa igoma
Pole dada. Hilo limekosa mbolea tu, weka yurea kijiko kimoja alafu maji mengi asubuhi na jioni, wiki mbili utaona majani.

bustani_luchelele
Hapana hapana, dada nyota nakuomba usiweke yurea na leo usimwagilie kabisa. Mkuu wa Igoma usinielewe vibaya, kwa mchicha ushauri wako uko sawa, ila huu mmea ni wa aina nyingine. Waridi la jangwani ni mmea wa huku kwetu Afrika Mashariki, unaota wenyewe kwenye nyika kavu na mawe, na lile tumbo la chini ndo ghala lake la maji. Kiangazi kikiingia unaangusha majani ili usipoteze maji, unapumzika, unasubiri mvua. Ukiukuta porini mwezi wa nane ni fimbo tupu hivyohivyo na hakuna anayeuonea huruma, mvua za kwanza zikipiga unachipua. Kwahiyo kupukutika peke yake sio ugonjwa, na ukijani ulioukuta chini ya gome ni habari njema sana.

Kinachonitisha mimi ni maji. Mmea ukiwa hauna majani haunywi, yale maji ya kila asubuhi yanabaki kwenye poti yamelala. Na umesema udongo mweusi wa bondeni, yaani udongo wa mbuga, ule mpunga unaupenda kwasababu unashika maji, ukilowa unanata kama ulezi uliosongwa na ukikauka unapasuka. Kwa mizizi ya huyu mgeni wako ni mateso. Kingine ni hicho kisahani, kama kina maji muda wote basi chini poti haikauki hata siku moja, na huenda hata tundu haina, wengi wanauza mapoti mazuri yasiyo na tundu.

Fanya hivi sasa hivi: minya shina kwa kidole gumba, anzia juu kwenye matawi shuka mpaka pale linapoingia kwenye udongo, zungusha pande zote usibonyeze upande mmoja tu. Likiwa gumu kote, liko usingizini, liache. Likiwa limesinyaa kidogo kama kiazi kilichokaa jikoni muda mrefu lakini halijalegea, hiyo ni kiu tu. Ila ukikuta sehemu inabonyea kidole kinazama, ina rangi ya kahawia na harufu mbaya, hapo mizizi imeanza kuoza. Rudi utuambie.

Mama Bwiru
Bustani kamaliza. Mimi naongezea la kivuli, dada yangu barazani utapata majani ila maua utayasikia kwa wenzio. Hili linataka jua kali la moja kwa moja angalau masaa sita. Mimi yangu yako juu ya jiwe kabisa nyuma ya nyumba, si unajua Bwiru hakuna kiwanja kisicho na jiwe, lile jiwe linapata joto mchana kutwa na ndo yanachanua vizuri kuliko ya chini. Usilitoe kivulini ukalitupa juani siku hiyohiyo, shina litaungua, lisogeze taratibu kwa wiki kadhaa.

nyota_nyasaka
Asanteni sana. Nimeminya kama mlivyosema. Matawi magumu, juu ya tumbo pagumu, ila upande mmoja chini karibu na udongo panabonyea, kama eneo la ukubwa wa kisoda hivi, na nilipokwangua ilitoka rangi ya kahawia ina majimaji. Poti kweli haina tundu!! Nimeinamisha yametoka maji meusi yananuka. Sasa ndo basi au?

bustani_luchelele
Sio basi, umewahi. Ukubwa wa kisoda unapona, nimeona yaliyooza nusu ya tumbo na yakapona. Ling'oe leo, kung'uta udongo wote, suuza mizizi kwa maji safi mpaka uione. Mizizi iliyolegea na myeusi kata yote usiihurumie. Chukua kisu kikali, kipitishe kwenye moto au kifute na spiriti, kata pale penye kahawia kidogokidogo mpaka ufike kwenye nyama nyeupe au ya krimu isiyo na doa hata moja, ukiacha doa dogo kuoza kutaendelea, na kila ukikata futa kisu tena. Ukimaliza paka dawa ya ukungu ya unga, ile mankozebu ya nyanya ipo kwenye kila duka la pembejeo, alafu lining'inize au lilaze kivulini penye hewa bila udongo wala maji. Liache hivyohivyo wiki moja hadi mbili mpaka kidonda kiwe kikavu kigumu kama gamba. Najua roho itauma kuona mmea umelala sakafuni siku zote hizo ila una maji yake ndani, haufi.

Likikauka panda kwenye mchanganyiko mpya mkavu, na usimwagilie wiki nyingine nzima ndo uanze kidogokidogo. Udongo mweusi rudisha bondeni. Sisi Mwanza tuna bahati, tafuta wale mama wanaogonga kokoto huko milimani uwaombe zile chenga ndogondogo zinazobaki, ukubwa wa punje ya mahindi kushuka chini, wanakuuzia bei ya kawaida tu. Changanya chenga au mchanga mkubwa sehemu mbili, samadi iliyooza ikaisha joto sehemu moja, na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi sehemu moja. Kama una udongo wa luseni, ule wa kichanga unaopandwa muhogo na karanga, nao unafaa ukichanganywa na chenga. Ukimwaga maji juu yanatakiwa yatokee chini hapohapo. Poti toboa au badilisha, na kisahani toa. Wakati wa kupanda linyanyue kidogo kuliko lilivyokuwa, tumbo lionekane nje, pale linapovimba ndo uzuri wenyewe na hewa inapita.

Baada ya hapo kiangazi hiki maji kidogo sana, mara moja kwa wiki tatu au nne, na kama tumbo gumu hata usipoweka. Mvua za Oktoba zikianza litachipua, hapo ndo unamwagilia vizuri, maji mpaka yatoke chini alafu usirudie mpaka udongo ukauke. Kama mvua zinanyesha siku mfululizo lisogeze chini ya bati.

Mama Bwiru
Na kwenye kukata jamani, msisahau ule utomvu ni sumu, sio sumu ya kusema tu, ni sumu ya moyo. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanachemsha utomvu wa huu mmea wanapaka kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Vaa glovu, usijishike macho, osha kisu na sabuni na hicho kisu kisirudi jikoni. Vipande ulivyokata usivitupe pale mbuzi wanapopita. Kama una mtoto anayetambaa liweke juu asipolifikia, na hapa sitanii hata kidogo.

kisiwani_ukerewe
Naomba niulize hapohapo. Langu zima halina tatizo ila limekua refu jembamba, tawi moja tu linapanda juu na maua mawili matatu kwenye ncha. Nalifanya liwe kichaka?

bustani_luchelele
Mkuu, kata. Maua yake yanakaa kwenye ncha za matawi machanga, ncha chache maua machache. Subiri mwisho wa Septemba kuelekea mvua, kata tawi kwa mshazari ukibakiza urefu unaotaka, pale chini ya kidonda yatatoka matawi mawili matatu, na kila moja litabeba maua yake. Kama ni lile la kuunganishwa, yaani tawi la ua zuri limepachikwa juu ya shina la mmea mwingine, chunguza machipukizi yanayotoka chini ya kiungo uyaondoe, yakikua yanameza lile ua zuri la juu. Yurea ipumzishe, inaleta majani tu, tafuta mbolea yenye fosfeti na potashi zaidi na weka kidogo wakati lina majani.

Kile kipande ulichokata kiache kikauke siku kadhaa ukipande kwenye mchanga, kinashika, ila tumbo lake halivimbi kama la kutoka mbegu. Kwa mbegu subiri zile pembe mbili zinazotoka baada ya ua, zifunge na uzi kabla hazijapasuka maana mbegu zina manyoya kila mwisho, upepo wa ziwa ukizikuta huzioni tena. Mbegu mpya inaota ndani ya wiki hivi.

mdau wa igoma
Nimejifunza, nilikuwa siujui huu mmea. Na wale wadudu wa njano wanaojaa kwenye ncha?

Mama Bwiru
Vidukari hao. Maji ya sabuni jioni, rudia baada ya siku chache, uwashike kabla ua halijafunguka.

nyota_nyasaka
Wabeja sana wote. Nimekata mpaka kwenye nyeupe, nimepaka dawa, nimelining'iniza kwenye dirisha la stoo. Kesho naenda kutafuta chenga.

bustani_luchelele
Hapo stoo hakikisha hewa inaingia, fungua dirisha. Alafu siku ya tatu minya tena pembeni ya kidonda, pakiwa pagumu umevuka, pakilegea kata tena usingoje.