ATP 38 au 32? Naomba msaada kulinganisha hatua za upumuaji wa seli

PCB_Mbagala: Wakuu, habari za leo. Glaikolisisi, Krebs na mnyororo wa elektroni nazielewa kila moja peke yake, ila swali likisema "linganisha" nakwama. Halafu jumla ya ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) kwa glukosi moja: kitabu kimoja 38, kingine 32. Nishike ipi?

Fundi_Seli: Mdogo wangu, kila hatua iulize maswali yaleyale: inafanyika wapi, nini kinaingia, nini kinatoka. Glaikolisisi ni kwenye saitoplazimu. Glukosi yenye kaboni 6 inavunjwa kuwa pairuveti 2 za kaboni 3. Zinatumika ATP 2, zinazalishwa 4, faida 2, na NADH 2 juu (NADH na FADH2 ni wabebaji wa elektroni). Pairuveti zikiingia kwenye mitokondria, kila moja inatoa kabonidayoksaidi 1 na NADH 1, inabaki asetili-koA, ndiyo inayoingia Krebs. Mzunguko wa Krebs, ndani ya matriksi (majimaji ya ndani ya mitokondria), unatoa kabonidayoksaidi 4, NADH 6, FADH2 2 na ATP 2. Alama nyingi zinapotelea hapa: watu wanaandika hesabu ya mzunguko mmoja, wakati glukosi moja ni mizunguko miwili.

Maabara_Ubungo: Naongezea mnyororo. Upo kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Nishati ya elektroni inasukuma ioni za hidrojeni nje ya matriksi. Zikirudi kupitia kimeng'enya cha ATP sinthesi, ATP inatengenezwa. Oksijeni inapokea elektroni mwishoni na kuwa MAJI, siyo kabonidayoksaidi.

Hesabu ya zamani: NADH 10 × 3, FADH2 2 × 2, jumlisha ATP 4 za glaikolisisi na Krebs = 38. Siku hizi kila NADH inahesabiwa ATP 2.5 na FADH2 1.5, ndiyo 32. Inashuka hadi 30 kwenye seli ambazo elektroni za NADH 2 za saitoplazimu huvushwa na kukabidhiwa FAD (inayogeuka FADH2). Kwenye mtihani onyesha hesabu yako, usitupie namba tupu.

PCB_Mbagala: Shukrani sana. Sasa kama Krebs haigusi oksijeni, mbona inasimama ikikosekana?

Fundi_Seli: NAD+, yaani NADH iliyokwisha kushusha elektroni, inaisha. NADH isipopata pa kushusha elektroni, Krebs haina cha kupokea hidrojeni. Glaikolisisi inaokolewa na uchachushaji: kwenye misuli pairuveti inakuwa asidi ya laktiki, kwenye hamira inakuwa ethanoli na kabonidayoksaidi. NAD+ inarudi, lakini ATP ni zile 2 tu.

Maabara_Ubungo: Na sianidi ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri inafunga kituo cha mwisho cha mnyororo. Oksijeni ipo tele kwenye damu, seli haiwezi kuitumia.