Ma-MC na wapiga video wa harusi hapa Arusha, mmetufutia shangazi yetu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki mbili zilizopita tumemzika shangazi yangu, na kuna jambo alianza kutuambia ukumbini mwaka jana likakatishwa kwa muziki. Leo hakuna mtu aliye hai anayeweza kulimalizia.

Mwezi wa 8 mwaka jana mdogo wangu alioa. Ukumbi ulikuwa Usa River, watu 400 na kitu. Vikao tulianza mwezi wa 4, kila Jumapili baada ya ibada, na mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, kwa hiyo najua kila shilingi ilikokwenda. MC alichukua sh. 800,000. Video na picha sh. 1,200,000. Niliwahesabia mwenyewe mkononi.

Kwenye ratiba tuliandika "Neno kutoka kwa ukoo, dakika 5". Kikaoni nilipendekeza ziwe 20 na ziwekwe mapema, nikaambiwa wageni watachoka. Basi shangazi, bibi wa miaka 80 na ushee, akakaa kwenye kiti cha plastiki tangu saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku. Akaangalia wapambe wakiingia kwa kucheza, wakatoka, wakabadilisha nguo, wakaingia tena. Ikakatwa keki, ikafuata zawadi, kila kundi na wimbo wake. Ndipo akaitwa.

Alisimama na kanga yake mabegani. Kipaza sauti akakishika chini, usawa wa tumbo, mpaka binti mmoja akaja kumwinulia mkono. Hakuanza na salamu. Alimgeukia bibi harusi akamwambia, "Mwanangu, wewe hujaolewa ugenini. Nyumba ya babu wa baba yako na nyumba yetu zilikuwa zinakunywa mfereji mmoja."

Upande wa bibi harusi ni watu wa Ngarenanyuki. Sisi ni watu wa Kikatiti, au ndivyo tulivyojijua maisha yetu yote. Shangazi akatutazama meza kwa meza: "Nyie mmezaliwa Kikatiti mkadhani ndipo tulipotoka. Pale tulifika tu."

Kwa ambao hamjui: Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru kama 3,000 kutoka Ngarenanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima Meru, ili ardhi ile, mashamba namba 31 na 328, wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Watu wakaambiwa wahamie King'ori, wengi wakakataa. Mwaka 1952 Wameru wakachangishana wakampeleka Kirilo Japhet New York, pamoja na wakili Earle Seaton, akaitetea ardhi yao Umoja wa Mataifa. Hiyo ni miaka 3 kabla Nyerere hajakwenda huko kuidai Tanganyika. Nilifundishwa haya shuleni. Nimeyajibu kwenye mtihani nikapata alama! Na baba yangu, aliyenilipia ada ya shule hiyo, alifariki bila kuniambia kwamba yeye alikuwemo, mtoto wa miaka 4, kabebwa mgongoni.

Hayo tuliyasikia ukumbini, kwa dakika zisizozidi nne. Shangazi mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka 9. Alituambia juu ya ndama mwekundu aliyemlilia kuliko nyumba. Alisema mama yake alimimina mtama kwenye kanga akafunga fundo, fundo likafunguka njiani, mtama ukamwagika, na hakuna aliyerudi kuuokota. Ukumbi ulikuwa kimya, hata wahudumu wa chakula walisimama na masinia mkononi. Kisha akasema, "Sisi tulikuwa saba. Tulipofika mtoni, mama akamshusha mdogo wetu..."

"Makofi kwa shangazi jamani, makofi! Muda si rafiki! DJ, twende kazi!"

MC akamtoa kipaza sauti mkononi. Muziki ukapigwa. Shangazi aliendelea kusema, midomo ilikuwa inatembea, nilikuwa nimekaa hatua kumi nikaiona. Mkono wake ulibaki vilevile, vidole vimekunjwa kama bado kipaza sauti kimo. Halafu akakaa.

Baba alituhesabia ndugu zake tangu tukiwa wadogo. Ni sita. Wakubwa wawili, yeye, na wadogo watatu. Sita! Huyu wa saba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia. Alikuwa nani? Alikuwa wa kike au wa kiume? Alizikwa wapi?

Najua mtaniuliza kwa nini sikumfuata siku ya pili. Niliamini tuna muda. Nilipanga Krismasi, tukikutana wote nyumbani, nikae naye na simu nimrekodi taratibu. Wiki tatu baada ya harusi akapata kiharusi kikachukua upande mmoja na kauli. Krismasi nilikaa naye, akanishika mkono, hakuweza kusema kitu. Lawama hiyo ni yangu na nitakufa nayo. Lakini harusini alikuwa na kauli, alikuwa na kipaza sauti, na alikuwa anasema.

Sasa njooni kwenye video. Nilijipa moyo kwamba angalau tulilipia kamera tatu. Flashi ikaja mwezi wa 9. Kuingia kwa wapambe ni dakika 22, nimezihesabu. Shangazi yumo sekunde 40, na hana sauti! Wamezima maneno yake wakaweka kinanda, na maua yanadondoka juu ya uso wake. Nilipanda mpaka ofisini kwa huyo jamaa, Arusha mjini, nikamwomba ile kazi ghafi kabla haijakatwa. Akanijibu bila kuinua macho kwenye kompyuta: "Kaka, hotuba za wazee huwa tunazikata, wateja hawazipendi. Na kadi zile za kamera tumeshazifuta, tumepigia harusi nyingine mbili." Nani alimwambia hatuzipendi? Nilimlipa mimi, hakuniuliza mimi!

Na sisi wenye harusi tusijitoe. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni baba mdogo wangu, nilipomlalamikia alisema mambo ya kuchomewa nyumba ni ya msibani, si ya kwenye sherehe. Baba mdogo, nakuheshimu na najua unasoma humu. Hapo ulikosea. Wewe mwenyewe umezaliwa Kikatiti baada ya haya yote, ulikuwa hujui chochote, na ulikuwa umekaa meza ya pili ukimsikiliza dada yako mdomo wazi.

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi ya MC. Siku ya mahari, mwezi wa 6, tulikwenda Ngarenanyuki kwa akina bibi harusi. Pale hapakuwa na muziki wala ratiba. Wazee walikaa kwenye mabenchi wakaulizana taratibu nyie ni wa nyumba ipi, babu yenu alikuwa rika gani, nani alimwoa nani. Hapo ndipo ukoo unapofunguliwa, kila mtu anajua. Na shangazi hatukumpeleka, kwa sababu msafara ulikuwa wa wanaume tu. Wazee wetu wa kiume walipoulizwa walijibu "sisi ni wa Kikatiti" wakaendelea na hesabu ya ng'ombe. Aliyekuwa anajua jibu alikuwa nyumbani anapika loshoro, yale mahindi na maziwa mgando, ya kutupokea tukirudi! Angekaa kwenye lile benchi saa moja tu tungejua yote, na mfereji wenyewe angetuonyesha kwa kidole.

Nimejaribu kila mlango. Mzee wa upande wa bibi harusi ananiambia yeye kazaliwa 1956, aliyasikia kwa baba yake juujuu. Nimekwenda usharikani, mchungaji akanifungulia vitabu vya zamani vya ubatizo, vile vinavyoandikwa jina la mtoto, wazazi na wadhamini. Shangazi yumo. Baba yumo. Wa saba hayumo, labda hakuwahi kufikishwa kubatizwa.

Halafu siku ya mazishi akasimama kijana kusoma wasifu wa marehemu, uliandikwa usiku kwa haraka na kuchapwa nakala 200: "Marehemu alizaliwa Kikatiti, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita." Mbele ya jeneza lake. Miezi mitano kabla alitusimamia watu 400 akatuambia si Kikatiti na si sita, na tumemzika kwa maneno hayohayo aliyoyakanusha. Nilinyoosha mkono nisahihishe, mshereheshaji wa msiba akaniashiria nikae, muda umekwenda.

Nimehariri kuongeza: wanaoniambia niweke jina la MC na la studio, siweki. Sikufungua uzi huu kumharibia mtu riziki. Nimeufungua kwa sababu ya hili lifuatalo.

Kama ulikuwa Usa River Jumamosi ile, sare za kamati zilikuwa kijani kibichi na mapambo meupe, na ulikuwa meza za kushoto karibu na jukwaa, niliona simu zimeinuliwa pale shangazi alipokuwa anaongea. Mbili au tatu. Mojawapo ilikuwa ya dada aliyevaa kilemba cha njano. Tafadhali angalia kwenye simu yako, angalia na WhatsApp ulizowatumia watu usiku ule. Sihitaji hotuba yote. Nahitaji zile sekunde baada ya "mama akamshusha mdogo wetu", wakati kipaza sauti kilishaondoka na yeye bado anasema. Hata kama muziki umefunika, nitumie hivyohivyo. Kuna wapwa zake wanaoweza kumsoma midomo.