Naomba ushauri: kozi za mtandaoni kwa mkunga wa kisiwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkunga kisiwani Kojani, Pemba. Semina ikiwa Unguja ni mashua, gari hadi Mkoani, kisha boti, na zamu yangu ataishika nani? Ndiyo maana nataka kujisomea kwa simu.

Ninalolitaka zaidi ni kutokwa damu baada ya kujifungua. Wengi tulizoea kukisia damu kwa macho, na macho hukisia pungufu. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kupima damu kwa mfuko maalumu na kutoa matibabu yote kwa pamoja, bila kungojea moja lishindwe, kulipunguza madhara makubwa kwa asilimia 60.

Safe Delivery App, programu ya simu ya mafunzo ya wakunga, ukishaipakua hufanya kazi bila intaneti, afadhali, maana bando nalo! Lakini mikono haifundishiki kwa video. Mliosoma hivi, mazoezi mlifanyaje mkiwa wawili tu zamuni? Na vyeti hivi Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar huvihesabu mtu akihuisha leseni? Kozi ya Kiswahili ipo? Mwenzangu Kiingereza kinampa tabu.