Mjadala: Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alivamia Urusi 1812 akashindwa, na filamu ya makala inasema baridi ndiyo iliyomshinda. Mnakubali?

Ramani Mezani: Mimi nakataa. Alivuka mto Niemen kuingia Urusi tarehe 24 Juni, kiangazi kabisa. Kufika vita vya Borodino, karibu na Moscow, 7 Septemba, kikosi chake kikuu kimebaki watu kama 130,000, na theluji bado. Kilichomwangusha ni chakula na usafiri. Magari mazito yalizama kwenye udongo wa Lithuania mvua ilipopiga. Farasi wakalishwa nafaka mbichi ya shambani, wakavimba matumbo, wakafa kwa maelfu. Filamu imelipitia hili juu juu tu!

Fundi Chuma: Mimi kimeniudhi kile kipande cha filamu kinachosema vifungo vya bati vya sare za askari viligeuka unga kwa baridi. Uzushi mtupu. Bati safi huanza kubadilika chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, lakini polepole mno, na likichanganywa na madini ya risasi hukawia zaidi. Tena askari wengi wa miguu walivaa vifungo vya shaba ya manjano.

Bi Zuhura: Uzushi? Kemia umeieleza mwenyewe, halafu unatuita wazushi sisi tunaoiamini. Punguza ukali, kaka.

Fundi Chuma: Nimeisema filamu, dada, sijakutaja wewe. Kaburi la pamoja la Vilnius, Lithuania, liligunduliwa 2001, la askari waliokufa Desemba ile ile ya baridi. Vifungo vimetoka ardhini na namba za vikosi zinasomeka. Unga uko wapi?

Bi Zuhura: Kaburi moja ndilo jeshi zima?

Kwato: Mnagombania vifungo, farasi mmewasahau. Viatu vyao vya chuma vilikuwa laini chini, bila meno ya kushika barafu. Mlima mdogo tu, farasi anateleza, anaanguka, mzinga unaachwa hapo. Caulaincourt, msimamizi wa mazizi ya Napoleon, aliwavalisha farasi wa mfalme viatu vya meno, nao wakastahimili. Wengine hawakupewa.

Bi Zuhura: Basi barafu! Barafu ni nini kama si baridi? Filamu iko sahihi.

Ramani Mezani: Hapana, dada. Kwenye mto Berezina, jeshi likirudi nyuma mwishoni mwa Novemba, shida ilikuwa barafu kuyeyuka! Mto ungeganda wangevuka kwa miguu. Napoleon alikwisha kuagiza vyombo vya daraja, yaani mashua za kutandikia daraja, vichomwe kule mji wa Orsha. Jenerali Eblé, mkuu wa wajenzi wa madaraja, akabakiza matanuri mawili ya kuhunzia, mkaa na vifaa vya kazi. Watu wake wakabomoa nyumba za kijiji cha Studienka wapate mbao, wakasimama majini hadi kifuani, yakapatikana madaraja mawili. Lile la magari miguu yake ilididimia kwenye tope, likavunjika mara tatu.

Fundi Chuma: Hapo Eblé alikaidi amri?

Kwato: Hakukaidi. Aliyoamriwa kuchoma ni mashua za daraja, na alizichoma.

Bi Zuhura: Kubakiza matanuri bila ruhusa ni ukaidi, msitake kumsafisha.

Kwato: Ruhusa ya nini? Vifaa vya kuhunzia ni mali ya kikosi chake, si mashua. Soma amri inahusu nini kwanza, dada.