Hati ya kimila kama dhamana ya mkopo: mkopeshaji ana haki ya kuikataa?

Mwanambozi
Wakuu, habari za humu. Kuna shamba la kahawa ekari 12 huku Mbozi, lina hati ya hakimiliki ya kimila iliyotoka kijiji kilipopimwa. Jina lililopo ni la mume peke yake. Unahitajika mkopo wa milioni 8 kwa ajili ya pampu na mabomba ya kumwagilia. Taasisi moja imeitazama hati na kuirudisha, wakasema "hii haina nguvu, leteni ya wizara". Je, ni kweli kisheria? Na kama mke hayumo kwenye hati, sahihi yake inahitajika? Mwenye uzoefu na haya mambo atusaidie.

MzeeWaMipaka
Si kweli. Soma kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Kamishna wa Ardhi. Inaweza kuwa ya muda usio na kikomo na inarithishwa. Huyo wa "leteni ya wizara" amekosea, na tena ardhi ya kijiji haipati hati ya wizara hadi ihamishwe kwanza kuwa ardhi ya jumla (ile iliyo chini ya Kamishna, siyo ya kijiji), jambo ambalo msilikimbilie kwa ajili ya milioni 8.

Ila mkopeshaji hajalazimishwa na sheria yoyote kupokea dhamana asiyoitaka. Hati kuwa halali ni jambo moja, hati kuuzika ni jingine, na yeye anaangalia hilo la pili. Mkishindwa kulipa itabidi auze shamba. Uhamisho wa hakimiliki ya kimila unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji (kifungu cha 30), na halmashauri inatakiwa kukataa kama uhamisho huo utamnyang'anya mwanamke haki yake ya kutumia ardhi. Sasa piga picha ya mnada: jirani hanunui kwa sababu mwenye shamba ni shemeji yake na kesho watakutana msibani. Wa kutoka mjini ana hela, lakini lazima kijiji kimkubali. Mkopeshaji anabaki na karatasi mkononi na shamba bado linalimwa na mdaiwa.

Ndiyo maana wanaopokea hati hizi hutaka kwanza kijiji kiidhinishe rehani kwa maandishi. Ombeni muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji wenye namba ya hati, kiasi cha mkopo na jina la mkopeshaji, ukiwa na sahihi ya mwenyekiti na mtendaji na mhuri. Barua ya mtendaji peke yake haitoshi. Mtendaji si halmashauri.

DawatiLaMikopo
Naongezea kutoka upande wa anayepitia mafaili. Hati nyingi zinarudishwa kwa sababu ndogo kabisa, ila mteja anaambiwa "haina nguvu" kwa kuwa ndilo jibu fupi. Kabla ya kurudi tena kagueni haya:

Jina lilingane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA. Hati inasema "Mwasenga", kitambulisho kinasema "Mwasengwa", faili linalala hapo. Kuna kiapo cha majina, lakini kurekebisha hati yenyewe ni bora.

Ukubwa uko kwenye hekta. Ekari 12 ni hekta 4.86 hivi. Mkijaza "12" kwenye fomu ya maombi na hati ikasoma 4.86, mtu wa mikopo ataona mmedanganya.

Hati iwe na sahihi za kijiji na za afisa ardhi wa wilaya. Nyingine zilisainiwa kijijini zikagawiwa siku ya sherehe bila kufika wilayani kusajiliwa. Nakala huwa tatu: ya mwenye shamba, ya masjala ya kijiji na ya masjala ya wilaya. Nendeni wilayani muhakikishe ile ya tatu ipo, kwa sababu rehani itaandikwa huko pia. Isipokuwepo, hakuna pa kuiandika.

Halafu kuna hesabu isiyosemwa kaunta. Mthamini aliyesajiliwa lazima aende shambani, na gharama yake haipungui sana eti kwa kuwa mkopo ni mdogo. Kisha tunachukua thamani ya kuuza kwa haraka, siyo bei mnayoijua nyie. Kwa milioni 8, mkopo wenyewe unaweza usilipe usumbufu.

KipangaMweusi
Hizi hati ni za kutundika ukutani tu. MKURABITA, ule mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wanyonge, ilianza 2004, tukaimbiwa nadharia ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto, kwamba mnyonge akipata karatasi atapata mtaji. Mtaji uko wapi?

MzeeWaMipaka
Kwenye mikopo una hoja, nami nadhani ahadi ile ilitiwa chumvi. Lakini usiitupe hati. Kesi ya mpaka ikifika baraza la ardhi la kijiji, mwenye hati yenye vipimo na majirani waliosaini siku ya upimaji hasimami sawa na mwenye maneno matupu. Barabara au nguzo za umeme zikipita, ndiyo ushahidi wa kwanza wa fidia.

BiSheria
Nijibu la mke, maana limerukwa. Sahihi yake inahitajika hata kama hayumo kwenye hati. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia mwanandoa kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inamtaka mwombaji aeleze kama ana mwenza. Shamba wanaloishi na kulima pamoja mkopeshaji makini hatalipokea bila ridhaa, kwa sababu mke anaweza kwenda mahakamani rehani ikatenguliwa. Ridhaa iwe ya maandishi, asomewe kwa lugha anayoielewa, asaini mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Wake wakiwa wawili, wote wawili. Hapo ndipo mikopo mingi ya vijijini inapovunjika, mke mdogo anajitokeza siku ya mnada.

Ushauri wangu: kabla ya mkopo, ombeni halmashauri ya kijiji hati itolewe upya kwa majina ya wote wawili.

Mwanambozi
Asanteni sana. Kwa hiyo kuna njia ya kupata hiyo pampu bila kugusa shamba?

DawatiLaMikopo
Zipo. Ya kwanza ni mkopo wa kifaa: pampu inabaki mali ya mkopeshaji hadi mmalize deni, nyie mnatanguliza sehemu ya bei. Pelekeni profoma (ankara ya bei ya awali) ya muuzaji yenye modeli, uwezo wa pampu na muda wa waranti.

Ya pili ni kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima kinachouza mazao. Kahawa ikiuzwa, makato yanafanyika kabla hela haijamfikia mkulima, hivyo mkopeshaji anaamini mauzo kuliko ardhi. Ulizeni pia kama benki yenu iko kwenye mpango wa udhamini wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB), unaobeba sehemu ya hasara mkulima mdogo akishindwa. Marejesho yafuate msimu. Mkipangiwa ya kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza, kataeni, kahawa haitoi hela kila mwezi.

Kausha damu, wale wakopeshaji wa riba za kunyonya, msiwaguse. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili (wasiopokea amana), anayezidisha hapo anavunja utaratibu.

MzeeWaMipaka
Na kibali cha maji mnacho? Kuvuta maji ya mto kwa pampu kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kwenu nadhani mtaangukia Bonde la Ziwa Rukwa. Pia mita 60 kutoka kingo za mto ni eneo la hifadhi kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, kwa hiyo nyumba ya pampu isijengwe humo. Anzeni na kibali kabla ya profoma, mkopeshaji mzuri atakiuliza.