Natafuta fonti ya mlazo (italiki, herufi zilizoinama) yenye madaha kwa jarida la kurasa 48

Mpanga_Kurasa
Wadau, habari za leo. Tunapanga jarida la utamaduni, saizi A4, kwa InDesign, programu ya kupanga kurasa. Litachapwa ofseti Kariakoo: ndani bondi gramu 80, jalada gramu 250 linalong'aa. Matini ni fonti ya Source Serif 4, pointi 9.5 juu ya 13 (saizi ya herufi, kisha umbali kati ya mistari). Mhariri anataka mlazo wa serifu (wenye vijimguu kwenye ncha za herufi) kwa kazi tatu: dondoo kubwa zinazokatiza safu, aya ya utangulizi chini ya kichwa, na maelezo ya picha. Hela ya kununua fonti haipo. Cormorant inapendeza kwenye kioo, ila nikichapa, maelezo ya picha yanafifia. Playfair Display inasomeka, lakini ukurasa unakuwa kama kadi ya harusi. Nifanyeje?

WinoMkavu
Mkuu, printa haina kosa. Cormorant ilichorwa kwa vichwa vikubwa. Mistari yake ni kama nywele na herufi zake ndogo ni fupi mno zikilinganishwa na kubwa. Kwa pointi 8 unywele ule unashuka chini ya robo pointi. Bondi nayo haina koti (tabaka la kulainisha uso), inanyonya wino: sehemu nene zinavimba, nyembamba zinakatikakatika. Kwenye ofseti utaona hivyohivyo.

Kinachokusumbua ni kutaka fonti moja ifanye kazi zote tatu. Mimi ningegawa hivi. Dondoo: Cormorant Garamond Medium Italic, 26 juu ya 29, nafasi kati ya herufi -5, yaani zikaribiane kidogo. Utangulizi: EB Garamond Italic, 14 juu ya 18. Maelezo ya picha: Source Serif 4 Italic ileile ya familia yako, ila chukua toleo la Caption, 8 juu ya 10.5. Toleo hilo limechorwa kwa udogo. Mistari myembamba imenenepeshwa na herufi zimepewa nafasi ya kupumua. Zote ni leseni huria ya OFL, kwa hiyo kuchapa na kuuza jarida hakuna tatizo.

Cormorant na EB Garamond haziwezi kugombana, ni ukoo mmoja. Hizo EB ni Egenolff-Berner, watengenezaji wa herufi waliotoa karatasi ya sampuli mwaka 1592 yenye herufi wima za Claude Garamond na mlazo wa Robert Granjon.

KonaYaHerufi
Naunga mkono, ila usiamue kwa kuangalia sampuli za mtandaoni. Mlazo wa kwanza wa kuchapia kitabu kizima ulichongwa na Francesco Griffo kwa mchapaji Aldus Manutius, Venice, 1501, na kitabu kilikuwa cha Kilatini. Kilatini hakina w, na k ni ya kubahatisha. Sisi tunaishi kwa hizo mbili! Weka sentensi kama "Wakazi wa Kigamboni wakawakaribisha wageni wa Kizimkazi" kwa saizi halisi, chapa, kisha isome ukiwa umenyoosha mkono. Kama k inajikunja hadi inafanana na h, au z ina mkia unaogonga herufi jirani, achana nayo.

Zima mikia ya mapambo kwenye herufi kubwa. Kwa Kiingereza inatokea mara moja moja. Kwetu nusu ya majina yanaanza na M, W, K au U, dondoo litaota matawi kama mpesheni.

Halafu ritifaa, ile alama ya ng'. Matini inayotoka WhatsApp huja na alama iliyonyooka au iliyogeukia upande wa kufungua. Tafuta zote, pamoja na NG', uweke ya kufunga (Windows ni Alt+0146). Kwenye dondoo angalia sikio la g (kijimkia cha juu kulia): mara nyingi alama inalikanyaga. Sogeza +20 hadi +40 kati ya g na alama, kisha punguza kidogo kati ya alama na irabu inayofuata, la sivyo "ng'ombe" itasomeka kama maneno mawili.

Mpanga_Kurasa
Asanteni sana. Mawili yamebaki. Makala za Word zina mlazo unaoonekana wa ajabu, na mhariri anataka dondoo ziwe rangi ya damu ya mzee.

WinoMkavu
Huo wa Word ni mlazo bandia: faili la mlazo halipo kwenye kompyuta, programu ikaziinamisha herufi wima. Tazama a. Ikiwa bado ina kofia juu, ni bandia. Ya kweli ni duara moja na mguu, kama ya mkono. Na f ya kweli kwa kawaida hushuka chini ya mstari. Sakinisha faili la mlazo, na kwenye InDesign usiguse kabisa kitufe cha kuinamisha.

Rangi mkatalie, kwa kurasa za ndani. Damu ya mzee inatokana na wino tatu, yaani pleti (bamba za kuchapia) tatu. Unyevu wa Dar unatanua karatasi, pleti zikipishana hata kidogo tu unywele wa Cormorant unapata kivuli. Nyeusi asilimia 100, pleti moja. Kijivu pia usiweke, kinavunjwa kuwa vidoti na ukingo wa herufi unakuwa msumeno. Kama hataki kusikia, alipie wino wa tano, nje ya zile nne za kawaida, uliochanganywa tayari.

KonaYaHerufi
Na maandishi meupe juu ya picha, mkuu: yasiwe Cormorant. EB Garamond SemiBold Italic, kuanzia pointi 11, nafasi +10.